Gari Limerudi, Kapeti Bado

Siku niliyopigiwa simu kwamba gari limepatikana, watu walinipa hongera. Hongera! Jirani yangu anayeuza dagaa aliacha ungo wake akaja kunikumbatia. Mwenye duka la pembeni alinipa soda ya bure, na yule si mtu wa kutoa hata njiti ya kibiriti bure. Mama mmoja wa kwaya alipiga vigelegele pale pale barabarani, Butimba nzima hapa Mwanza ikasikia. Mimi nilikuwa napinda pindo la sketi ya shule, pini ziko mdomoni, nikabaki nimeduwaa. Jamani, hawa watu ni wazima kweli? Gari limepatikana, sawa. Na aliyekuwa analiendesha je?

Nilikunywa soda yao. Lakini ndani nilikuwa natokota, na wanaonijua wanajua nikitokota inakuwaje. Hasira zangu ziko karibu. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nimezishika mkononi.

Aliyekuwa analiendesha ni mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama. Gari ni Noah ya kijivu. Lilikuwa lake kwa kila kitu isipokuwa jina, kwa sababu lilipotoka bandarini mimi ndiye niliyekuwa Dar nikifuata vitambaa vya sare, kadi ikaandikwa jina langu, tukasema tutabadilisha, hatukubadilisha. Alikuwa akikodiwa kwa harusi, kwa misiba, kwa wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Alikuwa mfupi, anakalia mto wa kochi ili aone barabara, na ole wako umcheke. Tukienda kwetu Kagera, tukifika Kigongo anaanza kuulaani ule mstari wa magari yanayongoja kivuko cha kwenda Busisi. Anaziangalia nguzo za daraja zinavyopanda kutoka majini, anasema, "Mama, likiisha hili nakupitisha juu bila kukanyaga breki."

"Breki ukanyage, mwanangu," mama anamjibu.

Wateja wake wa mwisho walikuwa wanaume wawili wenye adabu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ile adabu yao. Walikuja nyumbani asubuhi, wakamwamkia mama shikamoo, wakakataa chai kwa heshima zote, wakasema wamefiwa upande wa Tarime na wanahitaji gari la kwenda na kurudi. Mama akawapa pole. Mama yangu mzazi aliwashika mikono watu wale akawapa pole ya msiba! Mdogo wangu akabeba mto wake, wakaondoka. Mchana alinipigia wakiwa Magu, wamesimama wananunua mchele, akauliza kama na sisi atuchukulie. Nikamwambia achukue ule wa kunukia. Tangu hapo simu yake haikupatikana tena.

Tulitafuta jamani. Vituo vya polisi, wodi, vyumba vya maiti, kote huko kando ya barabara ya Musoma mpaka mpakani. Miezi ikapita. Mama hakukubali kuitwa mfiwa. Ndugu waliposafiri kutoka Kagera kuja kukaa matanga, aliwapikia ndizi, wakala, akawauliza wamekuja kumwona nani. Wakarudi zao wamenywea. Kanisani alimwomba mchungaji amtaje mwanawe katika maombi ya walio safarini. Kila Jumamosi alikitandika upya kitanda cha mdogo wangu. Mimi na mama mdogo, dada yake anayeishi naye, tulimwacha. Tulisema mwache mama wa watu, hilo tumaini ndilo linalomwinua asubuhi.

Basi simu ikaja, nikaenda mpakani na kadi yenye jina langu.

Nilikuta gari kwenye uwanja wa polisi upande wa Kenya. Nilipoliona nilishika kiuno. Ubavu wa kulia walikuwa wameshaupiga rangi ya bluu, wa kushoto bado kijivu chetu, kama mtu aliyevaa soksi mbili tofauti. Namba za mbele na nyuma si zake. Walilikamatia kwenye gereji, linapakwa rangi, na mwenye gereji alikuwa mahabusu.

Ofisa aliyenipokea alikuwa mtu mzima mpole. Akaniletea kiti, akaniletea maji. "Mama, usijali," akaniambia, "hii gari ni yako, hakuna maneno. Hizi nchi zetu zimekubaliana. Gari ikiibiwa kwenu ikipatikana kwetu, inarudi kwa mwenyewe. Ikiibiwa kwetu ikipatikana kwenu, hivyo hivyo. Hata kama kuna mtu ameinunua na pesa yake, huyo atafutane na aliyemuuzia."

Kisha akanionyesha kazi yao, na nisiwe mchoyo wa maneno, waliijua. Fundi alikwangua rangi pale namba ya chasisi ilipogongwa. Wezi walikuwa wameisugua kwa tupa. Fundi akapaka dawa yake, akaweka karatasi juu, akapitisha penseli polepole, na namba ya zamani ikajitokeza yote. Ofisa akailinganisha na kadi yangu, akatabasamu. Mimi nikauliza, "Na dereva?"

Akaweka kalamu chini. "Mama, faili niliyonayo ni ya gari."

"Huyo wa gereji mmemuuliza habari za mdogo wangu?"

"Ameshikwa kwa kupokea mali ya wizi. Mambo ya mtu kupotea, hiyo ni ya upande wenu."

Hapo ndipo nilipomjia juu. Nilisimama na kiti kikaanguka. Nikamwambia, "Yaani namba ya bati mmeibembeleza na penseli mpaka ikasema, na mtu mwenye mdomo hamjamuuliza?" Watu wakachungulia dirishani. Ofisa hakukasirika, aliinua kiti akakifuta vumbi. Ningependa angekasirika. Kugombana na mtu mpole ni kujichosha bure.

Makabidhiano yakafanyika mpakani, maofisa wa pande mbili wakapeana mikono, tukapigwa picha. Mimi niko katikati nimenuna, ufunguo mkononi. Wakasema maneno mazuri kuhusu ushirikiano. Tena yalikuwa ya kweli. Ni watu wangapi wanaopoteza gari na wasilione tena maishani? Mimi langu nililetewa mpaka mlangoni mwa nchi.

Picha zilipokwisha, sajenti mmoja wa upande wetu, mwanamke wa rika langu, alinivuta nyuma ya gari. Akafungua mlango wa nyuma bila kugusa kitu kingine. Akanionyesha kapeti la sakafuni, nyuma ya kiti cha mwisho, pale tunapowekaga mizigo. Kulikuwa na magunia matupu yameshasogezwa. Chini yake kapeti lilikuwa na doa kubwa, jeusi, limekauka limekuwa gumu. Nikasema ni oili.

"Inaweza kuwa oili," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza mtoto. "Dada, sikiliza. Wenzetu kazi yao ilikuwa gari, wameimaliza vizuri. Kazi yangu mimi ni mtu. Usilikoroge hili. Usiliendeshe, usilifute, watoto wasipande. Wataalamu wako Mwanza, Jumatatu watakuja kwako kuchukua sampuli. Ikiwa si oili, hii si kesi ya wizi tena, na yule wa gereji atajibu maswali mengine kabisa. Sampuli isipopatikana, atatozwa faini atarudi kupaka rangi. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, afande," nikasema.

Nilikodi Fuso lililokuwa likirudi Mwanza tupu baada ya kushusha pamba. Likapakiwa Noah mgongoni, likafungwa kamba, likafunikwa turubai. Njia nzima nilikaa mbele na dereva wa Fuso. Tulipopita Magu akina mama walikimbilia dirishani na mchele wao. Nikageuza uso.

Nyumbani walikuwa wametujaa. Vigelegele tena, watoto wanaimba, mtu kaleta maua ya plastiki. Nikawatimua wote kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama alitoka ndani akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Alilizunguka gari mara moja, akatazama ule ubavu wa bluu, akatazama kiti cha dereva. Mto haukuwepo. Akauliza, "Wamelitolea wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia polisi wamesema lisiguswe na mtu mpaka Jumatatu, wanatafuta alama za waliolichukua.

"Alama gani?"

"Alama tu, mama. Za vidole."

Akaniangalia. Mama ana macho ambayo ukimdanganya yanakusubiri umalize. Akasema, "Haya," akaingia ndani. Nami nikamshukuru Mungu kwamba hakuuliza zaidi, maana ningelitamkaje neno damu mbele ya mtu anayetandika kitanda?

Jumapili yule sajenti alinipigia niende kituoni mjini kuandikisha maelezo, ili wataalamu wakija wakute kila kitu tayari. Nikawaacha mama na mama mdogo nyumbani. Mama alisema goti linamsumbua, kanisani hatakwenda. Nilikaa kituoni mpaka alasiri.

Nikarudi. Naingia getini, naona mabusati ya gari yameanikwa kwenye kamba ya nguo. Milango yote mitano iko wazi. Gari linang'aa, viti vinachuruzika maji. Mama mdogo amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, analia. Mama ameshika brashi ya kufulia, mikono imetakata mpaka imekuwa myeupe kwa dawa ya madoa.

Sijui nilipiga kelele ya namna gani. Jirani wa dagaa aliniambia baadaye alidhani nimegongwa na umeme. Nilimwambia mama maneno. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia kwa uzee wake na usafi wake amemfuta mtoto wake mwenyewe duniani, na wale waliompa shikamoo sasa wanacheka huko waliko. Mimi, nimfokee mama yangu! Alisimama akanisikiliza mpaka pumzi ikaniisha. Kisha akasuuza brashi, akaitundika kwenye msumari wake.

Wataalamu walikuja kweli, Jumatatu asubuhi, na masanduku yao na glovu zao. Walinyunyiza, walimulika, walikwangua. Dawa ile ya madoa ilikuwa imeingia kila mahali. Sajenti akaenda nyuma, akainama, akanyanyuka haraka. "Kapeti la hapa liko wapi?"

Lilikuwa halipo. Bati tupu, limesuguliwa.

"Mama shikamoo," sajenti akamwambia mama. "Samahani, kapeti la nyuma mmeliweka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sikuliona."

Nikamtazama mama. Mama yangu hasemi uongo. Tulichapwa sisi kwa uongo wa peremende. Alikuwa ametazama juu ya kichwa cha sajenti, huko Ziwa liliko, na shingo imesimama.

Walipoondoka, sajenti akaniachia namba yake akasema nikikumbuka chochote nimpigie hima, kwa sababu yule wa gereji anapelekwa mahakamani na muda si wetu. Sikuingia ndani. Nilimsubiri mama kwenye jiko la uani. Nikamwambia, safari hii kwa sauti ya chini, "Mama, kapeti."

Akachukua fimbo yake. "Njoo."

Nyuma ya nyumba tuna mashina machache ya migomba. Baba aliyaleta machipukizi kutoka shambani kwetu Kagera alipohamishiwa kufundisha hapa, akayapanda, na udongo huu wa mawe ukayakubali kwa shida. Mama akasimama penye shina kubwa. Chini yake udongo ulikuwa umetifuliwa upya, ukasawazishwa kwa kiganja, na juu yake kumewekwa mawe madogo kuzunguka. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Nikakaa chini pale pale kwenye majani makavu.

"Ulidhani sijui?" mama akasema. "Nimezaa, nimezika mume, nimechinja kuku na mbuzi maisha yangu yote. Wewe utanificha damu kwa habari za vidole?"

"Mama, kwa nini hukuniambia? Kitanda unatandika, maombi ya wasafiri…"

"Ningefanya nini? Nilie na nani? Nimlilie mtu ambaye sina hata ukucha wake?" Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Nimengoja waniletee kitu. Mkaniletea. Gari nimeliosha lote, maana wale walilishika lote, wakakaa kwenye kiti chake. Lakini kapeti sikuliosha. Ningeliosha angekwisha. Nimemvika shuka jeupe la kitanda chake, nimemwombea, nimemzika. Mama yako mdogo ndiye kwaya. Wanaume ndio wangepaswa kufanya kazi hii, najua. Nimwite nani? Nimwambie njoo unizikie kapeti?"

Nililia hapo kuliko nilivyowahi kulia, na nilikuwa na hasira vilevile, vyote kwa pamoja, sijui kama inawezekana kwa watu wengine. Nilipoweza kusema nikamwambia kila kitu alichoniambia sajenti. Kwamba lile kapeti, kwa vile hakuliosha, bado linaweza kusema. Kwamba bila hilo, yule wa gereji anatoka. Kwamba yeye ndiye anayewajua wale wawili.

"Wakilichukua hawatalirudisha," mama akasema.

"Watalirudisha. Gari si wamelirudisha?"

"Gari ni gari."

"Nitalifuata mwenyewe, mama. Popote litakapopelekwa. Nitalirudisha mikononi mwako."

Kuku walikuwa wakiparura karibu, akawafukuza kwa fimbo wasiukaribie ule udongo. Mwishowe akasema, "Jembe liko pale ukutani. Chimba basi."

Nilichukua jembe. Niliinua, na mikono ikakataa. Niliinua tena. Mama akaninyang'anya, akaliweka kando, akapiga lile goti lake bovu chini, akaanza kufukua kwa mikono, polepole, anatoa udongo na kuuweka upande mmoja ili usipotee. Mama mdogo akatoka ndani, naye akapiga magoti. Hakuna aliyeimba. Shuka lilipoonekana mama alilipangusa, akalinyanyua kwa mikono miwili, akakumbatia. Lilikuwa jepesi mno. Nadhani wepesi ule ndio uliomtoa machozi.

Sajenti alikuja mwenyewe, bila gari la polisi, bila kofia. Mama akampokea kwenye varanda na lile furushi mapajani. Akamwambia, "Mwanangu, nikikupa hiki sikupi. Nakuazima. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Kwenye makubaliano yenu ya magari, kuna mahali pameandikwa kwamba hiki nacho kinarudi?"

Sajenti angeweza kumdanganya. Hakumdanganya, na ndiyo maana namheshimu mpaka leo. Akasema, "Hapana, mama. Lakini nitajaribu." Akapokea kwa mikono miwili na goti limeinama, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kisha mama akafungua mdomo, sajenti akampitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, ili wataalamu wailinganishe damu na damu. Alifunga macho kama anapokea meza ya Bwana.

Ilikuwa ni yeye. Majibu yalipokuja tuliketi matanga, matanga ya haki, ndugu wakarudi kutoka Kagera, mchungaji akasoma, mama akavaa nyeusi. Yule wa gereji alipoonyeshwa majibu alifungua mdomo, akawataja wale wawili wenye adabu, nao wakakamatwa huko huko kwao, upande wa Kenya. Mahali walipomwacha, au walipomtupa mdogo wangu, kila mmoja anasema lake. Mmoja anasema mtoni, mwingine anasema porini. Polisi wa pande mbili walipita huko wakatoka mikono mitupu. Na kwa kuwa washitakiwa wako huko, kielelezo nacho, lile kapeti, kikavuka mpaka kwenda mahakamani. Sajenti alinipigia kuniambia kimepokelewa salama. Baada ya hapo alihamishwa.

Kesi inatajwa, inaahirishwa. Wakili anaumwa, shahidi hakufika, hakimu amehamishwa. Gari ninaliendesha mimi sasa, nimelipaka kijivu upande wote, nakodiwa harusi na misiba kama yeye. Daraja limeisha. Nikiwa na abiria wa Geita nalipita, dakika chache tu, Ziwa chini upande huu na upande huu, abiria wanatoa simu wanapiga picha. Mimi nakanyaga breki pale katikati, kidogo, bila sababu wanayoijua wao. Mama hajakubali kulipita. Anasema atapita akiwa na mzigo wake, kwenda naye Kagera, si kabla.

Kila kesi ilipotajwa nilikuwa nasafiri. Naingia kwa karani wa huko, naulizia kapeti letu. Safari moja nilikuta kijana mwenye miwani, mstaarabu, akanitafutia kwenye rafu akalipata, limefungwa kwenye mfuko wa karatasi na lakiri nyekundu. Hakuniruhusu kugusa. Nikamuuliza kesi ikiisha nalichukuliaje, naandika barua kwa nani.

"Gari ndiyo inarudishwa, mama," akasema. "Na vitu vya thamani. Vitu kama hivi, kesi ikiisha, huwa vinachomwa."

Nilimuuliza tena, akanijibu vilevile, kwa upole. Upole tena! Nilitafuta hasira zangu zote nilizozaliwa nazo, sikuzikuta. Nilimwambia asante, nikatoka nje, nikashika ukuta.

Nimeandika barua kwa kila mkubwa ninayemjua cheo. Nangoja majibu. Na mimi niliyekuwa nikiwafokea watu kwa kila tarehe inayosogezwa, nikisikia sasa kesi imeahirishwa nashusha pumzi. Nawataka wale wawili wafungwe mpaka wazeeke humo. Na naomba hukumu isisomwe. Niombe lipi, jamani? Mungu mwenyewe lazima ananishangaa.

Mama sijamwambia. Lile shimo chini ya mgomba hakubali lifukiwe, anasema mwenye nalo hayuko mbali. Udongo wake ameufunika kwa bati usioshwe. Juzi mvua ilinyesha kubwa, nikatoka asubuhi nikamkuta ameinama pale na beseni, anakomba maji.

"Wamemaliza naye?" akaniuliza bila kugeuka.

"Bado, mama. Imeahirishwa."

"Haya," akasema, akachota tena.